Siku Moja Visiwani Adalar: Mwongozo kwa Mgeni wa Istanbul

Adalar ni visiwa tisa vya Bahari ya Marmara, vilivyo mbele ya pwani ya Istanbul ya upande wa Asia. Kiserikali ni wilaya mojawapo ya jiji hilo lenye watu zaidi ya milioni 15, lakini ni wilaya isiyoruhusu magari ya watu binafsi. Vinne kati ya visiwa hivyo vina miji midogo na huhudumiwa na feri za abiria mwaka mzima: Kınalıada, Burgazada, Heybeliada na Büyükada. Ndivyo vinavyofuatana pia katika safari ya feri kutoka katikati ya jiji. Kınalıada ndicho cha kwanza, na Büyükada, kilicho kikubwa kuliko vyote, ndicho cha mwisho. Vitano vilivyobaki ni vidogo, na mgeni mwenye siku moja hutosheka kuvitazama akiwa juu ya feri.

Wageni wa Ulaya wamezoea kuviita visiwa vya wana wa wafalme, na asili ya jina hilo si ya furaha. Enzi za Milki ya Bizanti, huku ndiko walikopelekwa watu wa ukoo wa kifalme walioangushwa madarakani, wakafungiwa katika monasteri. Malkia Irene alipopinduliwa mwaka 802 alihamishiwa Büyükada kabla ya kupelekwa mbali zaidi. Romanos IV, mfalme aliyeshindwa na Waturuki wa Seljuk katika vita vya Manzikert mwaka 1071, alipofushwa macho na wapinzani wake nyumbani, akafa Kınalıada mwaka uliofuata. Hali ilibadilika katikati ya karne ya 19, meli za mvuke zilipoanza kufika. Matajiri wa Kigiriki, Kiarmenia, Kiyahudi na Kiosmani walijenga huku nyumba za mbao za kupumzikia wakati wa joto, zenye roshani na nakshi. Nyumba hizo, misonobari na barabara zisizo na magari ndivyo vinavyowavuta watu hadi leo.

Kutokuwepo kwa magari hakumaanishi kwamba hakuna magurudumu. Gari la wagonjwa, la zimamoto, la polisi na la taka yapo. Mpaka mwaka 2020 usafiri wa ndani ulikuwa magari ya kukokotwa na farasi, na hali ya wanyama hao ilikuwa ya kusikitisha: walipandishwa milima kwenye jua kali siku nzima, wakafa wengi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ulizuka ugonjwa hatari wa kuambukiza wa farasi, wengi wakauawa ili kuuzuia, na miezi michache baadaye manispaa ya jiji iliwanunua farasi waliobaki na kuweka magari ya umeme. Ulikuwa uamuzi mwema. Aliyezoea punda wa Lamu atatarajia kusikia kwato katika vichochoro vya Büyükada, lakini kinachosikika sasa ni kengele za baiskeli na mvumo wa mota. Hata hayo magari ya umeme yana ubishi wake: mwaka 2024 mabasi madogo mapya yalipoletwa, baadhi ya wakazi waliandamana wakisema ni makubwa mno kwa barabara zao. Mgeni anayetembea kwa miguu humsumbua mkazi kidogo kuliko mgeni mwingine yeyote.

Kuchagua siku

Mambo mawili huamua kama siku itakuwa nzuri: msongamano wa watu na hali ya hewa. Jumamosi na Jumapili kuanzia Mei hadi Septemba, wakazi wa Istanbul wenyewe humiminika visiwani, na Büyükada hujaa kiasi kwamba kutoka gatini hadi uwanja wa saa, mwendo wa dakika chache, huwa ni kusukumana. Sikukuu za Idi ni zaidi ya hapo, kwa sababu kwa kawaida usafiri wa umma wa jiji hufanywa wa bure siku hizo. Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ina utulivu vilevile, ila makumbusho mengi ya Uturuki hufungwa siku hiyo.

Hapa pana ugumu kwa kundi moja la wasomaji. Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala wanaokwenda Istanbul kununua nguo hufikia Laleli, na maduka ya jumla ya mtaa huo kwa kawaida hufungwa Jumapili. Jumapili ndiyo siku yao ya kupumua, nayo ndiyo siku iliyo mbaya zaidi kwa safari hii. Ikiwa haiwezekani kupata siku nyingine, tiba ni mbili: kupanda feri ya kwanza kabisa ya asubuhi, na kuiacha Büyükada, kushukia Burgazada au Heybeliada. Abiria wengi hawashuki huko. Hupita moja kwa moja hadi kituo cha mwisho kwa kuwa ndicho chenye jina.

Kwa majira, Aprili, Mei na nusu ya pili ya Septemba hadi Oktoba ndiyo miezi ya kupendekezwa. Mwishoni mwa majira ya baridi mimosa huchanua rangi ya manjano kandokando ya kuta, na kati ya Aprili na Mei miti ya erguvan, yenye maua ya zambarau-waridi, hupamba miteremko. Julai na Agosti ni joto na umati. Desemba hadi Februari kuna baridi, mvua na mara nyingine theluji, migahawa mingi hufungwa na feri hupungua, lakini anayependa kutembea peke yake hatapata wakati mtulivu zaidi. Mchana wa Desemba ni mfupi: jua huchelewa kutoka hadi baada ya saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Juni huzama karibu saa tatu kasorobo usiku. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea mchana usiobadilika sana mwaka mzima, hana budi kuliingiza jambo hili katika hesabu zake.

Kuhusu bahari, anayetoka Unguja, Tanga au Malindi hana haja ya kuulizia bamvua wala maji mafu. Marmara haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Cha kuulizia ni upepo. Upepo wa kusini-magharibi, unaoitwa lodos, huvuma kwa nguvu hasa wakati wa baridi, nao unaposhika feri husimamishwa, wakati mwingine siku nzima. Ukungu mzito hufanya vivyo hivyo. Tangazo la kusimamishwa hutolewa na kampuni ya feri asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo ni vyema kuliangalia kabla ya kutoka hotelini. Lodos ukitabiriwa kuanza alasiri, safari iahirishwe hata kama asubuhi jua linawaka, maana feri ya kwenda itapatikana na ya kurudi itakosekana.

Kuchagua kisiwa

Kosa la kawaida ni kutaka kuvikanyaga visiwa vyote vinne kwa siku moja. Kwenye ramani vinaonekana kupakana, na feri huchukua dakika 10 hadi 20 kutoka kimoja hadi kingine. Lakini feri haiji kila dakika. Kila kisiwa kinachoongezwa huongeza kungoja gatini, na mwisho wa siku mtu huwa ameona magati manne na migahawa minne inayofanana. Kisiwa kimoja kinatosha kwa siku nzima. Viwili vinawezekana ikiwa safari imeanza mapema, na jozi inayofaa ni Heybeliada asubuhi na Burgazada alasiri, au Büyükada asubuhi na Heybeliada alasiri. Katika jozi yoyote, kisiwa cha mbali zaidi kitangulie, ili kila feri inayofuata impeleke msafiri kuelekea mjini.

Kwa ufupi: Büyükada ni kwa anayetaka majumba makubwa, historia na mlima wa ibada. Heybeliada ni kwa anayetaka msitu na matembezi marefu yenye kivuli. Burgazada ni kwa anayetaka kijiji kidogo na machweo. Kınalıada ni kwa anayetaka kuogelea na kurudi haraka. Mgeni wa mara ya kwanza mwenye siku ya katikati ya wiki aende Büyükada. Mwenye Jumapili, Heybeliada.

Kufika

Feri za kampuni ya umma ya jiji, Şehir Hatları, huondoka katika gati la Kabataş, upande wa Ulaya, na nyingi hupitia Kadıköy kabla ya kuelekea visiwani. Zipo pia boti za makampuni binafsi katika njia hiyohiyo. Kutoka Laleli, Sultanahmet au Eminönü, tramu ya T1 hufika hadi Kabataş, ambacho ndicho kituo chake cha mwisho. Kutoka Taksim, treni fupi ya chini kwa chini ya F1 hushuka hadi hapohapo. Safari ya feri kutoka Kabataş hadi Kınalıada huchukua kama saa moja, na hadi Büyükada kama saa moja na nusu au zaidi kidogo.

Njia ya pili haijulikani sana na wageni, nayo ni ya haraka: gati la Bostancı, upande wa Asia. Treni ya Marmaray, inayopita chini ya mlango-bahari wa Bosphorus tangu mwaka 2013, hupandiwa Sirkeci na kusimama Bostancı, umbali mfupi wa kutembea hadi baharini. Kutoka hapo Büyükada ni kama nusu saa tu. Anayetafuta uzuri wa safari apande Kabataş. Anayeokoa muda apande Bostancı. Pendekezo la mwongozo huu ni kwenda kwa Kabataş na kurudi kwa Bostancı, kwa sababu asubuhi macho bado yana hamu ya kutazama, na jioni miguu huwa imechoka.

Nauli hulipwa kwa kadi ya Istanbulkart, ileile ya tramu na metro, inayonunuliwa na kuongezewa salio kwenye mashine zilizo katika vituo na magati. Nauli ya visiwani ni kubwa kuliko ya feri za kuvuka Bosphorus, na kadi hugongwa tena wakati wa kurudi, hivyo salio la safari nzima liwekwe mapema. Foleni ya mashine ya kisiwani saa za jioni imewakosesha wengi feri. Ratiba ya majira ya joto si ile ya majira ya baridi, na ya Jumapili si ya siku za kazi. Huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane: 08.40 ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na 19.30 ni saa moja na nusu usiku. Saa yenyewe haihitaji kurekebishwa, kwa kuwa tangu mwaka 2016 Uturuki imeacha kubadilisha saa kwa majira, na wakati wake ni uleule wa Afrika Mashariki.

Jambo la kwanza la kuandika kwenye karatasi ni feri ya kurudi. Siku ya visiwani hupangwa kuanzia jioni kurudi nyuma: feri ya mwisho inayofaa ni ipi, na iliyo kabla yake ni ipi, maana hiyo iliyo kabla ndiyo ya kulengwa. Kisha huhesabiwa saa zinazobaki.

Kwenye feri ya Kabataş, anayekaa kulia huiona rasi ya mji mkongwe, pamoja na kasri la Topkapı na kuba la Ayasofya. Wa kushoto huuona mnara mdogo uliosimama majini na stesheni ya zamani ya Haydarpaşa. Muuza chai hupita na vikombe vidogo vya kioo, na simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, hutosha kuwa kifungua kinywa. Shakwe hufuata feri wakidai sehemu yao. Karibu na Kınalıada, kwa mbali upande wa kulia, huonekana visiwa viwili vyenye historia chungu. Sivriada, chenye umbo la kilele, ndiko mbwa wa mitaani wa Istanbul walikotupwa kwa maelfu mwaka 1910 na kufa kwa njaa na kiu. Yassıada, kilicho bapa, ndiko waziri mkuu Adnan Menderes na wenzake walikoshtakiwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1960. Menderes alinyongwa mwaka uliofuata.

Büyükada

Gati la Büyükada ni jengo zuri la mwanzoni mwa karne ya 20, na linastahili kutazamwa kabla ya kuliacha. Mbele yake kuna uwanja wa saa, na kuuzunguka ni migahawa, maduka ya aiskrimu na wakodishaji wa baiskeli. Wageni wengi siku yao huishia hapo. Ni hasara, kwa sababu dakika kumi tu mbele, katika mtaa wa Çankaya, umati hupungua na nyumba kubwa za mbao huanza: nyeupe, za buluu iliyopauka, zenye bustani nyuma ya vyuma vilivyosokotwa. Nyingi zinakaliwa na watu. Kuzipiga picha kutoka barabarani hakumkeri mtu, lakini kuingia lango lililo wazi ni kuingia nyumbani kwa mtu.

Kisiwa kina milima miwili, na baina yake uwanja ambao zamani farasi walipumzishwa. Kuna njia mbili za kukizunguka: fupi, inayozunguka mlima wa kaskazini, na ndefu ya zaidi ya kilomita 10 inayozunguka kisiwa chote. Njia fupi inamtosha mwenda kwa miguu. Ndefu inafaa baiskeli, kwa sharti kwamba breki zimejaribiwa kabla ya kulipa, kwani miteremko ni mikali na ajali hutokea hapo. Bei iulizwe kama ni ya saa au ya siku nzima. Mabasi madogo ya umeme hulipiwa kwa Istanbulkart na huwafaa sana wazee, wajawazito na wenye watoto wadogo. Mwenye miguu mizima awaachie hao.

Juu ya mlima wa kaskazini limesimama jengo ambalo mtu hulisahau kwa shida. Lilijengwa mwaka 1898 na 1899 kwa mchoro wa Alexandre Vallaury, liwe hoteli ya kampuni ya Wagons-Lits iliyokuwa ikiendesha treni ya Orient Express. Sultani Abdülhamid II hakutoa kibali. Mke wa tajiri mmoja wa Kigiriki akalinunua na kulitoa kwa Upatriaki wa Kiorthodoksi, nalo likawa kituo cha yatima kuanzia mwaka 1903 hadi 1964. Ni mojawapo ya majengo makubwa kabisa ya mbao barani Ulaya, lenye vyumba zaidi ya 200, na linaporomoka. Baada ya kesi ndefu iliyofika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Upatriaki ulirudishiwa hati zake mwaka 2010, na mwaka 2018 jengo likaingizwa katika orodha ya turathi za Ulaya zilizo hatarini zaidi. Hairuhusiwi kuingia ndani. Hutazamwa kutoka nje ya uzio, na hata hivyo inafaa kupanda.

Leon Trotsky, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi aliyefukuzwa na Stalin, aliishi Büyükada kati ya mwaka 1929 na 1933, na humu ndimo alimoandikia historia yake ya mapinduzi hayo. Mojawapo ya nyumba alizokaa ni gofu lililo karibu na bahari.

Mlima wa kusini, wenye zaidi ya mita 200, una kanisa na monasteri ya Aya Yorgi kileleni. Mabasi na baiskeli huishia uwanjani chini. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu barabara ya mawe, kama nusu saa ya jasho. Tarehe 23 Aprili na 24 Septemba maelfu ya watu hupanda hapa, wengi wao wakiwa Waislamu, kila mmoja na haja yake: mtoto, ndoa, nyumba, afya. Wengine hupanda kimya bila kusema neno hadi juu, wengine hufungua uzi wa rangi kutoka chini wakiutandaza njiani. Anayependa kuona imani za watu zikikutana mahali pamoja achague siku hizo na avumilie msongamano. Asiyependa aziepuke kabisa, hasa 23 Aprili ambayo pia ni sikukuu ya taifa. Siku za kawaida kanisa ni tulivu. Mabega na miguu vifunikwe, na picha zisipigwe ndani. Mwenye kuhitaji kuswali atapata msikiti wa Hamidiye, wa enzi za Abdülhamid II, huku chini mjini.

Upande wa mashariki, sehemu ya Aya Nikola, kuna makumbusho ya visiwa yaliyofunguliwa mwaka 2010. Ni mbali na gati, lakini kwa anayetaka kuelewa maisha ya Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi waliokuwa wengi hapa kabla ya kuhama kwao katika karne ya 20, hakuna mahali bora.

Heybeliada

Heybeliada ni nusu ya Büyükada kwa ukubwa na mara mbili kwa utulivu. Pembeni mwa gati kuna majengo ya jeshi la majini, na kamera ielekezwe kwingine. Kutoka hapo, barabara ya kuzunguka kisiwa hupita katikati ya misonobari karibu mwendo wote, bahari ikionekana chini upande mmoja. Saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha kwa mtu asiye na haraka, pamoja na kupumzika Çam Limanı, ghuba ya upande wa kusini. Juu ya sehemu hiyo ipo hospitali ya kifua kikuu iliyofunguliwa mwaka 1924, mwanzoni mwa Jamhuri, na kufungwa mwaka 2005. Hewa ya misonobari ndiyo iliyofanya mahali hapa pachaguliwe.

Kwenye kilima cha kaskazini ipo shule ya theolojia ya Halki, iliyoanzishwa mwaka 1844 ndani ya monasteri ya Utatu Mtakatifu. Iliangushwa na tetemeko la mwaka 1894, ikajengwa upya, na kwa miongo mingi ililea makasisi na maaskofu wa Kiorthodoksi, akiwemo Patriaki Bartholomew. Ilifungwa mwaka 1971 sheria ilipoziweka shule zote binafsi za elimu ya juu chini ya serikali, na haijapokea wanafunzi tangu hapo, ingawa madarasa na maktaba vimeendelea kutunzwa. Saa za kupokea wageni ziulizwe gatini kabla ya kupanda kilima, na mavazi yawe ya staha.

Burgazada na Kınalıada

Burgazada huzungukwa kwa saa moja na nusu tu. Sehemu kubwa ya msitu wake iliungua mwaka 2003, na misonobari iliyopandwa baadaye bado ni midogo, kwa hiyo kofia na maji ni lazima wakati wa joto. Nyumba ya mwandishi wa hadithi fupi Sait Faik Abasıyanık, aliyefariki mwaka 1954, ni makumbusho. Hadithi zake nyingi ni za wavuvi na watu wanyonge wa visiwa hivi. Upande wa magharibi, Kalpazankaya ndipo pa kungojea machweo, mradi feri ya baada ya machweo imethibitishwa kwanza.

Kınalıada kina miti michache na minara ya mawasiliano kileleni. Ni kisiwa ambacho Waarmenia wa Istanbul wamekipenda kwa vizazi, na kanisa lao lipo karibu na bahari. Msikiti wake, wa miaka ya 1960, una umbo la pembe kali lisilofanana na misikiti mingine ya jiji. Watu huja hapa kuogelea.

Maji, chakula na moto

Fukwe nyingi ni za mawe na changarawe, na zilizo na huduma hutoza kiingilio, ambacho mara nyingi hujumuisha kiti na mwavuli. Viatu vya majini husaidia. Maji hufaa kuogelea kuanzia Juni mwishoni hadi Septemba. Kwa aliyezoea Bahari ya Hindi yatakuwa ya baridi hata Agosti. Mwaka 2021 sehemu kubwa ya Marmara ilifunikwa na ute mzito uliosababishwa na maji machafu na joto, na ni busara kuwauliza wenyeji hali ya maji kabla ya kulipa.

Migahawa ya samaki iliyopangana gatini hutoza zaidi ya iliyo mtaa wa pili nyuma yake. Samaki huuzwa kwa uzito. Bei ya mzani iulizwe kabla samaki hajaenda jikoni, na vilevile iulizwe kama vitafunio vinavyoletwa mezani bila kuagizwa vinalipiwa. Njia nafuu, na pengine tamu zaidi, ni kununua mkate, jibini, zeituni, nyanya na matunda mjini, kisha kula chini ya misonobari. Büyükada ina eneo la Dilburnu na Heybeliada ina Değirmenburnu kwa ajili hiyo, yote mawili yenye kiingilio.

Moto ndio adui mkubwa wa visiwa hivi. Kuwasha moto msituni ni marufuku, na wakati wa kiangazi mamlaka huweza kuufunga msitu wote kwa wageni. Kipande cha sigara kilichotupwa kwenye majani makavu ya msonobari kinatosha kuteketeza mlima, na magari ya zimamoto ni machache, barabara ni nyembamba na msaada mkubwa hutoka ng'ambo ya maji. Mvutaji avute mjini, na takataka zirudi mjini kwenye mfuko.

Kurudi

Foleni ya kurudi kutoka Büyükada huanza kukua saa kumi na moja jioni siku za mapumziko, na feri ikishajaa hufungwa mlango bila kujali nani alifika saa ngapi. Namna ya kuikwepa ni kuondoka kabla ya saa kumi, au kula chakula cha jioni kisiwani na kuondoka usiku umati ukishapungua. Boti za kwenda Bostancı huwa za mara kwa mara zaidi kuliko feri za Kabataş, na foleni yake husogea upesi. Kutoka Bostancı, Marmaray humfikisha msafiri Sirkeci bila kupita kwenye msongamano wa magari wa madaraja.

Ikitokea feri ya mwisho imekosekana, zipo teksi za baharini za jiji zinazoitwa kwa programu ya simu, kwa gharama kubwa ambayo kundi la watu likigawana huvumilika. Hoteli na nyumba za wageni zipo Büyükada na Heybeliada, ila Jumamosi za kiangazi hujaa. Mwenye ndege ya alfajiri asipange safari hii siku ya kuamkia safari yake, na abiria anayepita tu Istanbul kubadilisha ndege asiijaribu kama hana saa zisizopungua 12 mkononi: uwanja mkuu wa ndege uko upande wa Bahari Nyeusi, na kutoka hapo ni metro ya M11 hadi Gayrettepe, M2 hadi Taksim na F1 hadi Kabataş, kabla hata ya kuiona feri.